Geji za Mzee Paskali

Siku mkaguzi wa vyombo vya majini alipokuja kuikagua boti ya Mzee Paskali, alikaa muda mrefu kwenye dashibodi. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akainama, akauliza vioo vya geji vimekwenda wapi. Mzee Paskali, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha usukani na miwani ya jua usoni, akamjibu kwamba vilivunjwa na mpambe wa harusi moja ya Sepuka, aliyeangusha kreti la soda juu yavyo. Mkaguzi akacheka, akasema harusi za Sepuka anazijua. Kisha akaagiza boti isipakie abiria mpaka geji zote zibadilishwe, akarudi kwenye pikipiki yake.

Agizo hilo lilimfurahisha mtu mmoja tu, naye ni Calist, mtoto wa Mzee Paskali. Kwa miaka alikuwa akitafuta sababu ya kuing'oa ile dashibodi. Ilikuwa imepauka kwa jua, imejaa viraka vya gundi, na mishale ya geji ilikaa wazi bila kioo, ikipigwa na vumbi. Calist alikuwa mtu wa vitu vipya. Kinu chake cha kukamua alizeti pale Mwankoko kilikuwa cha kwanza mtaani kuwekewa taa za rangi, ingawa alizeti haijawahi kuuliza inakamuliwa kwenye mwanga gani. Na sasa binti yake, Belinda, alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi. Katika nyumba hiyo bibi harusi hutoka kanisani, akapanda boti ya babu yake, akavushwa Ziwa Singidani mpaka kwenye mawe makubwa ya ng'ambo kupiga picha. Ahadi hiyo ilitolewa siku Belinda alipobatizwa, na aliyeitoa ni bibi yake, marehemu Yasinta, ambaye akishasema amesema.

Kwa hiyo Calist aliona Mungu amemrahisishia. Angempa baba yake dashibodi mpya, kioo kitupu, namba zinawaka, na Belinda avushwe kwa heshima. Akauza sehemu ya mafuta aliyokuwa ameyaweka yapande bei, akaagiza dashibodi kutoka Mwanza.

Mzee Paskali aliposikia habari hiyo aliuliza swali moja tu, kama hizo geji mpya zina mishale.

Calist akamwambia zina kila kitu, hata vitu ambavyo zile za zamani hazikuwa navyo. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Watu wa zamani wa Singida mjini wanamkumbuka Mzee Paskali akiwa dereva wa treni, ile ya tawi la kutoka Manyoni. Walimfahamu kwa kofia yake na kwa namna alivyopiga honi akikaribia mji, honi ndefu moja na fupi mbili, ili Yasinta ajue aweke maji ya kuoga jikoni. Treni ilipoacha kuja, wenzake walinunua ng'ombe, wengine mashine za kusaga. Yeye alinunua boti. Mji mzima ulicheka. Dereva wa treni na maji wapi na wapi? Yasinta peke yake ndiye hakucheka. Alisema mume wake hajui kufuga wala kulima, anajua kutazama geji, na boti ina geji.

Nao wakaishi na boti hiyo vizuri. Jumamosi kulikuwa na foleni ya maharusi pale ufukweni, magari yamefungwa riboni, matarumbeta yakipokezana. Mzee Paskali anakaa kulia kwenye usukani, Yasinta anakaa kushoto kwake na mwavuli mkubwa wa kumkinga bibi harusi jua. Ndege heroe walikuwa wengi miaka ile, wakiruka boti ikipita, ziwa linageuka rangi ya waridi upande mmoja, na bibi harusi waliokuwa wamenuna tangu asubuhi kwa sababu ya viatu kubana walisahau viatu. Kulikuwa na furaha ya namna yake, ambayo hata Calist, na taa zake za rangi, akiikumbuka husimamisha anachofanya.

Kisha macho ya Mzee yakaanza kumsaliti. Hayakuzimika, la sivyo wote wangejua. Katikati ya kila alichokitazama palikaa doa la ukungu, na doa likakua. Pembeni aliona: ufuko, mawe, kivuli cha mtu anayepita. Lakini uso wa mtu aliyesimama mbele yake haukuwepo, wala namba, wala mshale wa geji. Yasinta alimsindikiza hospitali, wakaambiwa siyo mtoto wa jicho, hakuna cha kupasua. Walirudi nyumbani wakazungumza Kinyaturu njia nzima, kama walivyofanya wakiwa na jambo la wawili. Siku iliyofuata vioo vya geji vilikuwa vimevunjika, na lawama ikamwangukia mpambe wa Sepuka, ambaye Calist alimchukia bure mpaka akaacha kumsalimia hata walipokutana kwenye hitima ya jirani.

Yote haya Calist hakuyajua. Aliyeyajua alikuwa mkewe, Martina.

Hakuna aliyemwambia. Martina alikuwa anaosha boti siku moja baada ya arobaini ya mama mkwe wake, akapitisha kitambaa kwenye dashibodi, akahisi vidonge vidogo vigumu. Akatazama. Kwenye uso wa kila geji, pale mshale usipopaswa kupita, palikuwa na punje ya mtama iliyobandikwa kwa gundi. Alidhani ni uchafu, akataka kuikwangua kwa ukucha. Kisha akakumbuka vidole vya baba mkwe wake akiwa anaendesha, vinavyotembea polepole juu ya geji, vinagusa mshale kidogo tu, kama mtu anayegusa kope za mtoto aliyelala. Watu walidhani Mzee anaipenda boti yake. Martina akakirudisha kitambaa kwenye ndoo, akaketi ukingoni, akalia.

Tangu siku hiyo alibadilisha namna ya kumhudumia mezani. Akiweka chakula alisema kwa sauti: "Baba, ugali uko mbele yako, mlenda kushoto, maji kulia." Calist alidhani mkewe amezidi adabu. Mzee Paskali naye alikuwa akijibu kwa upole, "Asante, mama Belinda," na upole huo Martina aliuelewa. Lakini kwenda kwa mume wake na kumwambia kwamba baba yako haoni, hilo hakuliweza. Mkwe ni mkwe. Mwanamke aliyelelewa vizuri hauzungumzii mwili wa baba mkwe wake, hata kwa kumwonea huruma, hata chumbani. Alingoja Mzee mwenyewe aseme. Mzee naye, tangu Yasinta azikwe, hakuwa na mtu wa kumwambia jambo la namna hiyo.

Ndiyo maana Benson, fundi umeme wa magari kutoka mjini, alipofika ufukweni na sanduku lake la vifaa, Martina alisimama mbali na ndoo mkononi akimtazama akifungua skrubu, na hakusema neno.

Benson alikuwa hajawahi kufunga dashibodi ya boti, lakini alisema umeme ni umeme. Alikata ubao upya, akavuta nyaya, akatukana kimoyomoyo magadi ya ziwa yaliyokuwa yamekula kila kiungo. Kioo kipya kilipokaa mahali pake kilikuwa kizuri kwa kweli. Kilikuwa cheusi na laini tupu, na swichi ilipowashwa namba zilijitokeza za kijani, joto la injini, mafuta, chaji, mwendo. Calist alipiga picha akamtumia kila mtu. Benson akasema kuna kengele ndogo ya kuonya injini ikichemka, ila waya wake umepungua, ataiunga wiki inayofuata. Calist akasema hakuna haraka, Mzee hana haja ya kengele.

Dashibodi ya zamani alitaka kuitupa. Martina akaiomba.

"Ya nini?" Calist akauliza.

"Ni ya mama," Martina akajibu, akaibeba nyumbani kichwani, akaisimamisha chini ya upenu.

*

Jumapili waliyoijaribu boti, Calist alifanya kosa la mtu mwenye furaha: alialika watu. Alimwalika Gervas, mchumba wa Belinda, na Gervas akaja na mama yake, Elina, mwanamke wa Kilimatinde mwenye sauti ndogo na macho makubwa, ambaye hakuwahi kupanda chombo cha maji maishani mwake. Belinda alikuja, na Martina pia.

Mzee Paskali alikuwa amevaa kofia yake ya reli. Belinda alimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, mke wangu," kisha akamgeukia Gervas na kumwambia kwamba yeye ndiye mwizi aliyekuja kumnyang'anya mzee wa watu mke wake, na kwamba ziwa hili limemeza vijana wazuri kuliko yeye. Wote wakacheka. Gervas akaahidi kulipa fidia. Ilikuwa kama zamani, na kwa muda Martina alidhani labda mambo yatapita salama.

Mzee aliketi, akaweka mikono kwenye usukani, kisha mkono wa kushoto ukaenda kwenye dashibodi kama ulivyozoea. Vidole vikateleza. Vikaenda kulia, vikarudi, vikashuka, vikapanda. Kioo kilikuwa kimoja, kitupu, hakina mwanzo wala mwisho. Calist aliyaona hayo akiwa nyuma na wageni, akajaa fahari, akamnong'oneza Gervas kwamba mzee anaifurahia zawadi yake.

Wakaondoka. Mzee aliendesha vizuri, maana ziwa alilijua na pembeni aliona. Aliyapita mawe yaliyozama bila kuyagusa. Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa zimeleta majani na tope jingi, na pale katikati mdomo wa kuvuta maji ya kupoza injini ukaziba. Namba ya joto ikaanza kupanda. Ikapita ilipopaswa kukoma, ikageuka nyekundu, ikaanza kuwaka na kuzima. Mzee Paskali aliendelea mbele, uso umetulia chini ya kofia.

Aliyekaa karibu naye alikuwa Elina. Kwa unyenyekevu wa mtu asiyejua akauliza, "Baba, samahani, hizo namba nyekundu ni za nini?"

Mtu mwingine angesema sijui. Lakini huyu alikuwa ameendesha treni usiku na mchana, na mama wa mkwe wake alikuwa anamtazama.

"Ni mafuta, mama," akasema. "Yanaonyesha bado ni mengi."

Hawakwenda mbali. Nyuma pakatoka harufu ya kitu kinachoungua, kisha mvuke mweupe, kisha injini ikakohoa na kukata. Elina akashika msalaba wake. Calist akaruka mbele, akaona namba nyekundu, na aibu aliyoisikia mbele ya wakwe ikamtoka mdomoni vibaya.

"Mzee, geji inakuwakia usoni muda wote huu wewe unaitazama tu. Nimekununulia kitu kizuri namna hii, wewe unakidharau. Kwa sababu siyo cha zamani, au?"

Mzee Paskali alitoa mkono kwenye kioo, akauweka mapajani.

"Baba Belinda," Martina akasema kutoka nyuma. "Muache baba."

"Nimuache vipi? Ametaka kutuua na wageni."

"Hazioni." Martina hakumtazama baba mkwe wake aliposema. "Hazioni namba. Hajaziona siku nyingi. Zile za zamani alikuwa anazigusa."

Maji yaligonga ubavu wa boti. Heroe wachache waliobaki walikuwa wamesimama kwenye kina kifupi ng'ambo, mguu mmoja mmoja, na Belinda aliwatazama wao kwa sababu hakuweza kumtazama mtu yeyote. Calist alisimama na mdomo wazi. Alikuwa anakumbuka vidole vya baba yake, miaka yote ile, na kila alichokikumbuka kilikuwa mbele ya macho yake siku zote.

Wavuvi wawili wa mtumbwi ndio waliowavuta mpaka ufukweni. Elina aliposhuka alimshukuru kila mtu, akaagana na Mzee Paskali kwa heshima zaidi kuliko alivyomwamkia wakati wa kupanda, na hilo lilimuumiza Mzee kuliko maneno ya mwanawe. Kabla ya Jumatatu kwisha, ujumbe ulikuja kwa simu ya Gervas, kwa maneno mazuri na kwa kuzungukazunguka, kwamba upande wa bwana harusi wanaona picha zipigiwe bustanini mjini, siku hizi bustani zina maua mazuri.

*

Mzee Paskali hakutoka chumbani siku hiyo mpaka alasiri. Alipotoka, Martina alimwekea kiti kivulini akamwambia kilipo. Calist alikuwa uani akijifanya anatengeneza tenga la vifaranga. Hakuwa amekwenda kinuni.

Ni Mzee aliyeanza. Alisema kwamba Yasinta ndiye aliyevitoa vioo, kwa kisu cha kumenyea viazi, na hadithi ya kreti la soda aliitunga akiwa bado anafagia vipande. Punje za mtama pia alizibandika yeye. Aliziweka, kisha akamshika mkono akauongoza, hapa joto, hapa oili, hapa mafuta yanaisha, mpaka vidole vikajua. Kwenye boti alikaa kushoto na mwavuli wake, na mshale ukianza kusogea kabla vidole havijaupata, alimkanyaga mguu. Bibi harusi wote wale hawakujua.

"Nikadhani nitaweza peke yangu," akasema. "Na niliweza. Mpaka ulipoweka kioo."

Calist akasema, "Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Niliuliza kama zina mishale."

Calist akainamisha kichwa. Ni kweli, aliulizwa, na akajibu kama muuza duka. Kuna watoto wanaowapa wazazi wao kila kitu isipokuwa muda wa kusikiliza swali, na Calist alijiona yumo katika kundi hilo, akalia pale pale uani, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya mkewe na kuku wake. Akasema atairudisha dashibodi ya zamani kesho yake. Mkaguzi aseme atakachosema.

"Iko wapi?" akamuuliza Martina.

Martina alitazama chini ya upenu. Haikuwepo. Kisha wote wawili wakatazama tenga la vifaranga, na Calist akajishika kichwa. Asubuhi, akitafuta kitu cha kufunikia vifaranga mwewe asiwachukue, alikuwa amechukua ubao wa kwanza aliouona. Geji zilikuwa zimetazama ndani. Martina aliuinua haraka, akaugeuza, akapitisha kidole. Vifaranga walikuwa wamedonoa mtama wote. Mishale miwili ilikuwa imepinda. Punje moja tu ndiyo iliyobaki, ile ya joto, kwenye kona ambapo kipande cha kioo cha zamani kilibaki kimeshikilia gundi.

Mama kuku alikuwa anakwaruza chini akiwaita watoto wake, na walikuwa na afya njema.

Calist akampigia Benson simu. Akamuuliza kama kioo kipya kinaweza kutolewa ili Mzee aguse mishale iliyo ndani. Benson alichukua muda kuelewa swali. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba chini ya kile kioo hakuna mshale wa kugusa, kuna mwanga tu.

Simu ilikuwa kwenye spika, Mzee akasikia. Akaguna kidogo, akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Wote walidhani sasa atalia yeye. Badala yake aliuliza kama Calist anakumbuka siku alipompandisha kwenye kichwa cha treni, akiwa mdogo, kutoka Manyoni.

Calist alikumbuka. Alikumbuka joto, na kelele, na yule msaidizi wa baba yake aliyekaa kushoto akichungulia nje na kupiga kelele kila walipokaribia ishara, na baba yake akirudia maneno yale yale bila kugeuka. Alidhani wanagombana.

"Hatukugombana. Ndiyo kazi," Mzee akasema. "Kwenye reli macho ya mtu mmoja hayaaminiwi. Msaidizi anaita, dereva anaitikia. Akikosea mmoja, mwingine anasikia. Mama yako nilimfundisha hivyo, ndiyo maana ya kunikanyaga." Akairudisha kofia kichwani. "Dereva asiyeona geji habebi bibi harusi. Hata Yasinta angekuwepo, kwa kioo hicho ningeshuka. Basi utaendesha wewe. Mimi nitakaa kushoto."

Calist akasema yeye ziwa halijui. Mawe hayajui.

"Mimi nayajua," Mzee akasema. "Nitakuitia. Na wewe utanisomea hizo taa zako."

*

Jumanne Mzee Paskali alipanda basi la Manyoni na Belinda akimsindikiza, akashuka njia panda ya Kilimatinde, akapandishwa mlimani kwa pikipiki mpaka nyumbani kwa Elina. Hakutaka mshenga. Aliketi, akanywa chai, kisha akasema, "Mama, siku ile nilikudanganya. Uliniuliza namba, nikasema ni mafuta. Sikuziona. Niliona haya." Elina aliangalia kofia iliyokuwa mapajani mwake kwa muda mrefu. Alisema baba yake mzazi naye alificha maumivu ya tumbo mpaka siku ya mwisho, na kwamba hakuna aliyekuja kumwambia yeye, bintiye, ukweli wakati ungali unasaidia. Akauliza nani ataendesha. Alipojibiwa, akasema bustani za mjini zina maua mazuri, lakini mjukuu ni mmoja, basi na avushwe.

Siku zilizobaki walikwenda ziwani kila jioni. Benson alisafisha mdomo wa maji, akaunga kengele, akakataa kulipwa kwa kazi hiyo. Calist alijifunza. Mwanzoni baba na mwana walizomeana kama watoto, Calist akisahau kuitikia, Mzee akigoma kusema jiwe lifuatalo mpaka lile la kwanza limeitikiwa. Watu wa ufukweni walikuja kuwasikiliza. Wazee wachache waliowahi kufanya kazi reli walisimama kimya kabisa, na mmoja wao aliondoka akijifuta macho kwa mkono wa shati.

Jumamosi ya harusi kulikuwa na jua kali na upepo mdogo. Matarumbeta yalikuwa ya kundi moja tu, si kama zamani, lakini yalipiga kwa bidii. Belinda alipanda akiwa ameshika viatu mkononi. Gervas alisimama nyuma yake, Elina akaketi katikati na msalaba wake, na Martina, ambaye hakuwahi kukaa karibu na baba mkwe wake hata kanisani, alikaa nyuma kabisa na mwavuli wa Yasinta.

"Mke wangu," Mzee Paskali akamwambia Belinda, "leo sikuendeshi mimi. Umenichoka, umekwenda kwa mwizi, basi nimeacha kazi."

"Wewe ndiye umeniacha, babu," Belinda akasema. Alitaka kuendelea kutania, akaishia kumshika bega.

Injini iliwaka. Calist alitazama kioo.

"Joto, chini."

"Joto chini," Mzee akaitikia.

"Mafuta, nusu."

"Mafuta nusu. Nenda na kushoto, kuna jiwe lililozama."

"Kushoto, jiwe lililozama."

Wakaenda hivyo, sauti moja ikiita na nyingine ikirudia, na wageni wakaacha kuzungumza wakazisikiliza. Walipofika pale palipowakwamisha Jumapili ile, mkono wa Mzee uliinuka wenyewe ukaenda kwenye dashibodi, kwa mazoea tu. Uliteleza juu ya kioo kama siku ile. Kisha kidole kikakwama. Pembeni mwa namba ya joto, upande wake wa kushoto, palikuwa na kitu kidogo, kigumu, kilichobandikwa kwa gundi. Alikigusa tena. Ilikuwa punje ya mtama, na ukingoni mwake ilikuwa bado na gundi ya zamani iliyokauka.

Chini ya kioo hapakuwa na mshale. Punje haikumwambia chochote kuhusu injini, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote kwenye boti. Hakuuliza nani kaiweka. Nyuma kabisa, chini ya mwavuli, Martina aliangalia maji.

"Joto, katikati," Calist akaita.

Mzee Paskali hakujibu. Calist akageuka, akaona machozi yanashuka chini ya miwani ya jua, na kidole kikiwa pale pale.

"Baba. Joto, katikati."

"Joto katikati," Mzee akaitikia, na hakukiondoa kidole chake mpaka walipofika kwenye mawe.